Historia ya Marehemu Gideon Mushumbusi, Fundi wa Pikipiki ya Kiti Kimoja

Mchungaji, wazee wa ukoo, wafiwa wenzangu, na ninyi nyote mliopanda na matope ya jana kuja kutusitiri, mimi ni Mutalemwa, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia nisome karatasi hii kama ilivyo. Sehemu kubwa ya maneno haya aliyasema mwenyewe kitandani, mimi nikiandika, akaniapisha nisipunguze kitu, na shemeji yangu Yuster, mjane wake, ameniagiza vivyo hivyo leo asubuhi mbele ya wazee, ambao baadhi yao walipinga, kwa hiyo nawaomba tuvumiliane hadi mwisho.

Gideon Mushumbusi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Rubafu, katika nyumba ileile mnayoiona pale kwenye migomba, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, ila walimu walimpenda kwa sababu tangu alipofika darasa la tano hakuna baiskeli ya mwalimu iliyolala mbovu, kisha kati ya 1987 na 1989 akajifunza ufundi wa mitambo mjini Bukoba, akarudi na cheti na spana tatu za kwake mwenyewe.

Januari 1991 alivuka ziwa kwenda kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, akatengeneza injini za mitumbwi ya wavuvi kwa miaka kumi na miwili, mahali ambapo injini ikizima katikati ya maji na upepo ukaamka, watu hawarudi. Huko ndiko alikojipatia msemo wake kwamba fundi mvivu ni muuaji asiye na panga, akawafundisha hivyo vijana wote waliopita mikononi mwake, na aliniambia niuandike msemo huo hapa kwa sababu ulikuja kumhukumu. Mwaka 2003 alirudi nchi kavu, akafungua gereji Kahororo, hapo mjini Bukoba, akanunua kwa mchungaji mstaafu pikipiki nyekundu ya zamani, ambayo aliipenda hata shemeji akawa anamtania kwamba ameolewa kwenye mitala.

Alifunga ndoa na Yuster tarehe 14 Desemba 1996, wakakaa miaka tisa bila mtoto, na hapa nitasema ukweli kwamba maneno waliyoyapata yalitoka humuhumu ndani ya ukoo, wengine tulimshauri kaka aoe mwingine, nami nilikuwa mmoja wao, naye akatujibu kwamba hakuoa tumbo. Tarehe 2 Novemba 2005 Mungu akawapa Kezia, mtoto wao wa kwanza na wa mwisho, binti mwenye kicheko cha kusikika barabarani, ambaye tangu akiwa na miaka mitano alipanda nyuma ya pikipiki ile, mikono kiunoni kwa baba yake, akimwimbia mgongoni njia nzima.

Jumatatu tarehe 5 Julai 2021 kaka alikuwa anamrudisha Kezia shule ya bweni upande wa Muleba, akiwa kidato cha pili, na katika mteremko mmoja wakaligonga ubavuni lori la ndizi lililokuwa limejitokeza kidogo kutoka njia ya pembeni. Kaka alivunjika mguu, Kezia akafariki palepale. Akiwa kitandani hospitalini aliwaambia askari kwamba lori liliingia barabarani ghafla bila taa wala ishara, akayarudia hayo mahakamani kwa kiapo, na kwa kuwa mkaguzi wa magari alikuwa ameandika kwamba pikipiki imeharibika mno kiasi kwamba breki zake haziwezi kupimwa, dereva wa lori lile, ndugu Uledi wa mjini Bukoba, alihukumiwa miaka miwili mwezi Machi 2022, sisi sote tukashangilia uwanjani pa mahakama.

Ukweli aliotaka usomwe ni huu. Lori lilikuwa limesimama, taa ya ishara ilikuwa inawaka, na kaka aliiona akiwa mbali, akakanyaga breki ya nyuma mguu ukazama bila kukuta kitu, akakamata ya mbele waya ukakatika. Breki zile alijua kwa wiki tatu kwamba zimekwisha, mpya alishazinunua, zilikuwa kwenye rafu ya gereji yake hata boksi halijafunguliwa, siku ile akajiambia kwamba atazifunga akirudi. Waswahili wana methali yao kwamba mganga hajigangi, nikaitaja pale kitandani nikidhani namfariji, akaniambia niifute.

Polisi walipomrudishia pikipiki hakukubali iuzwe chuma chakavu, na kitu cha kwanza alichofanya, akiwa bado kwenye magongo, ni kutoa zile breki zilizolika akazitumbukiza chooni. Baada ya hapo akaanza kuijenga upya, nasi tukasema huzuni inamtoka kwa mikono, tumwache. Kwenye simu alikuwa ameona pikipiki wanazoziita boba, zilizopunguzwa kila kisichohitajika, akaikata fremu ya nyuma kwa grainda, akaondoa keria, akafupisha madigadi, akanyoosha uma wa mbele kwa moto na nyundo, akachomelea vyuma vipya, akaifunga tairi nene alizozifuata mpakani Mutukula, na juu yake akaweka kiti kimoja tu cha ngozi, kinachokaa kwenye springi mbili za kiti cha baiskeli, ili mtu mwingine asipande nyuma yake tena maisha yake yote. Breki alifunga za diski mbele na nyuma, zenye nguvu ya kusimamisha hata gari dogo, akazipima, akazifungua, akazipima tena, mafundi wenzake wakacheka kwamba fundi Gideon anatengeneza pikipiki ya kusimama na siyo ya kwenda.

Kazi hiyo ilimchukua karibu miaka mitatu, na ilipokamilika tarehe 20 Aprili 2024 ilikuwa nzuri, nyeusi tii, hakuna asiyegeuka kuitazama, lakini sisi ni watu wa migomba, pikipiki isiyoweza kubeba hata mkungu mmoja wala mgonjwa tunaiona ni kituko, basi vijana wa Kahororo wakaipa jina, wakaiita Mgumba. Walitania tu, hawakujua wanamtania nani. Shemeji alipolisikia jina hilo likiitwa nje ya dirisha lake aliingia ndani akafunga mlango, na kwa siku nne hakutoka hata kwenda sokoni.

Jumamosi tarehe 27 Aprili 2024 kaka aliipanda kwa mara ya kwanza akaenda Muleba, kwa kuwa alisikia kwamba Uledi ametoka gerezani, leseni hana, mke ameondoka, na sasa anabeba magunia ya dagaa kwenye mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki. Alikuwa amekwenda kumwambia. Alimkuta, akazima pikipiki, na kabla hajafungua kinywa Uledi alikuwa ameshatua gunia na kupiga magoti kwenye mchanga wenye magamba ya samaki, mbele za watu, akamwambia kwa Kihaya cha heshima kwamba waitu, mzee wangu, sikumbuki kama niliwasha taa, kila usiku najaribu kukumbuka nashindwa, lakini nilimuua mwanao, nisamehe. Na kaka yangu, niliyemheshimu kuliko watu wote walio hai, alimshika mkono akamwinua, akamwambia nimekusamehe.

Alirudi nyumbani, akaifunika pikipiki kwa turubai, hakuipanda tena. Kuanzia siku hiyo alipungua, kanisani akawa anakaa nje, chakula akawa anakigusa tu, na Oktoba 2025 madaktari waliona uvimbe kwenye ini, uliokuwa umeshakua kiasi cha kutokutibika. Jumamosi tarehe 31 Januari mwaka huu alimweleza mke wake yote. Shemeji alitoka, akakaa siku mbili kwa dada yake, siku ya tatu akarudi na chupa ya uji, akamnywesha, ila neno la kusamehe hakulitamka, na ameniruhusu niseme kwamba mpaka sasa analitafuta moyoni halioni. Kaka alifariki Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 54, na hakufa kwa utulivu, tusidanganyane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu pale ilipowezekana, majirani wa Kahororo waliomlinda mjane, mafundi wenzake waliochonga jeneza hili, na vijana wote waliochimba kaburi tangu jana bila kusubiri kuombwa.

Mmoja wa hao waliochimba hatukumwita. Alisikia msiba huko mwaloni, akapanda gari kwa nauli yake, akashika sepeto akisema ana deni kwa mzee huyu, na sasa amesimama pale nyuma kwenye migomba, na Yuster amekataa jeneza literemke kabla mtu huyo hajausikia ukweli huu. Ndugu Uledi, taa uliiwasha, lori lako lilikuwa limesimama, na mtoto wetu hukumuua wewe. Miaka yako hatuwezi kukurudishia, na tukikuomba radhi leo ni baada ya kukupigia vigelegele ukiingizwa gerezani, kwa hiyo hatutarajii ujibu.

Kaka Gideon, pumzika kwa amani, ukiipata.