Leighton Trevaskis na Injini Aliyowakataza Wengine

Tunayemsindikiza leo, Leighton Ernest Trevaskis, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951 katika hospitali ya Dunolly, jimbo la Victoria. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Ernest Trevaskis, mfanyakazi wa reli, na mkewe Ivy. Wazazi wake na ndugu zake wote wawili wamemtangulia.

Alisoma shule ya msingi ya Dunolly, kisha shule ya ufundi ya Maryborough hadi mwaka 1966. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Ripoti yake ya mwisho, ambayo mama yake aliitunza, iliandikwa hivi: “Leighton hujibu swali baada ya kengele kulia, lakini hujibu sawasawa.” Waliofanya kazi naye baadaye walikiri kwamba mwalimu yule alimjua vizuri.

Mwaka 1967 alianza kujifunza ukerezaji wa vyuma katika kiwanda kimoja hapa Castlemaine, na akakitumikia kwa miaka ishirini na mitatu. Mwaka 1990 alifungua karakana yake Campbells Creek. Kazi yake ilikuwa kuunda magari kwa mfano wa yale ya mashindano ya miaka ya sitini: viti viwili, bila paa, bodi ya faiba, na injini ya silinda nane mbele. Kila mteja alikuja na swali moja: aweke bloku ndogo au bloku kubwa, yaani injini nyepesi au ile nzito yenye nguvu zaidi? Na wengi walikuwa wamekwisha kujijibu njiani kwamba wanataka kubwa.

Leighton alikuwa mtu wa bloku ndogo. Alisema kubwa inazidi kwa kilo themanini hivi, na kilo zote hizo zinakaa puani mwa gari. Siku moja daktari wa meno kutoka Ballarat alimbishia asubuhi nzima. Leighton hakupandisha sauti. Alichukua mifuko minne ya saruji ya kilo ishirini, akaifunga kwa mikanda mbele ya gari lake mwenyewe, lile la kijani, akampa daktari ufunguo.

“Haya, daktari, nenda nalo Maldon urudi.”

Daktari alirudi shati limelowa jasho. “Halikati kona, bwana! Unageuza usukani, lenyewe linakwenda mbele tu kama limenuna!”

“Basi hiyo ndiyo bloku kubwa,” alisema Leighton. “Sukari vijiko vingapi?”

Daktari aliwekewa ndogo, na yupo hapa leo.

Tarehe 21 Oktoba 1989 Leighton alimwoa Glenys Raddatz. Glenys alikuwa mjane wa Kelvin Raddatz, dereva wa lori la matufaha huko Harcourt, aliyefariki kwa ajali ya barabarani Aprili 1986. Kelvin alimwacha na binti wa miaka mitatu, Belinda, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Aliacha pia bandani injini ya bloku kubwa aliyoinunua kwa ndoto ya kuunda gari lake. Aliiwasha mara moja tu, ikiwa juu ya magogo, na jirani akapiga simu polisi. Belinda hana kumbukumbu ya siku hiyo, wala ya sauti ya baba yake.

Glenys alibandika tangazo dukani kwamba injini inauzwa. Leighton alikuja kuiangalia mwaka 1988, akaizunguka mara mbili.

“Hii siwezi kuichukua, bibie. Ni kubwa mno. Sina gari ninalolichukia kiasi hicho.”

“Basi kunywa chai kabla hujaenda,” alisema Glenys.

Wiki iliyofuata alirudi kuhakikisha kama bado ni kubwa. Wiki iliyofuata tena, vilevile. Walipooana, injini ilibaki palepale chini ya turubai. Kila mwaka kabla ya baridi Leighton aliimiminia mafuta na kuizungusha kwa mkono isije ikashika kutu. Hakuna aliyemwomba. Mwaka 1991 walijaliwa mtoto wa kiume, Rohan, ambaye alikua fundi na kufanya kazi na baba yake.

Hapa ndipo familia inapoomba uvumilivu wenu, kwa sababu yanayofuata hatuyaelewi vizuri.

Mapema mwaka 2022 Leighton alianza kusahau majina ya vifaa vyake. Julai, vipimo vya hospitali ya Bendigo vilionyesha uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Daktari alieleza kwamba ugonjwa wa mahali pale unaweza kumbadilisha mtu tabia, akafanya mambo ambayo hangeyafanya. Wiki tatu baadaye Rohan alifika kazini akakuta gari la kijani, ambalo baba yake aliliunda kwa miaka minne, limetolewa injini. Ile ndogo ilikuwa imekwenda kwa mnunuzi wa Kyneton. Leighton alikuwa amelala chini ya gari akikata chesi, ile fremu ya chini, ili kupata nafasi, na injini ya Kelvin ilikuwa inaning'inia kwenye winchi.

“Mzee, unafanya nini? Miaka thelathini unawakataza watu!”

“Nilikosea.”

“Ulikosea wapi?”

“Sijui. Nipe hiyo spana.”

Rohan alimpa, kisha akatoka nje akampigia dada yake simu, akilia kwa hasira. Belinda alimwendea daktari na kumuuliza waziwazi: huyu ni baba au ni ugonjwa? Daktari alimwonyesha picha za ubongo. “Huenda ni ugonjwa,” alisema. “Na huenda ni yeye. Picha zangu hazionyeshi hilo.”

Bwana Mavridis, mhandisi aliyekuwa akiyapitisha magari ya Leighton, alikuja akakagua, akatikisa kichwa. Kwa wepesi wa gari lile, sheria isingeruhusu injini kubwa kiasi kile. “Ndugu yangu, hili haliwezi kwenda barabarani. Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu hii.”

“Sijasema liende barabarani,” alijibu Leighton.

“Sasa liende wapi?”

Leighton alirudi chini ya gari. Safari hii, kinyume na ripoti ile ya shule, kengele ililia na jibu halikuja.

Rohan hakukubaliana naye, lakini kila mchana alikwenda kumshikia taa, maana mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Jumapili tarehe 11 Desemba 2022, saa nne asubuhi, Leighton aliwaita Belinda na mama yake karakanani. Aliiwasha. Madirisha yalitetema na mbwa wa jirani wakaingia uvunguni mwa nyumba. Glenys alifunika mdomo kwa kiganja, kisha akarudi ndani ya nyumba. Belinda alibaki. Alitaka kulia na hakuweza. Alitaka kufurahi na hilo pia hakuliweza. Injini ilipozimwa alimsogelea.

“Leighton, umefanya hivi kwa ajili yangu?”

Aliinama juu ya injini. “Kabureta ya kulia inameza mafuta mengi,” alisema.

Kesho yake aliamka akiuliza ni mwizi gani aliyeichukua injini yake ndogo. Alitaka polisi waitwe. Glenys alikaa naye kitandani mpaka akatulia. Belinda alipomuuliza mama yake anaonaje, alijibiwa: “Mwanangu, nimeishi naye miaka thelathini na tatu. Ungeniuliza mwaka jana ningekujibu.”

Januari 2023 Leighton alitaka Belinda aendeshe gari la kijani. Walilipeleka kwa trela hadi malisho ya rafiki, upande wa Newstead, naye akaketi kando yake amefungwa mkanda. Kwenye mstari ulionyooka gari lilikwenda kama linafukuzwa. Kwenye kona Belinda aligeuza usukani, pua ikakataa, wakapita katikati ya uzio na kusimama ndani ya birika la kunyweshea kondoo. Maji yaliwafika viatuni.

“Sasa umeona kwa nini nawakataza?” alisema Leighton, na akili yake siku hiyo ilikuwa safi kabisa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. “Kel angecheka sana.”

Leighton hakuwahi kukutana na Kelvin Raddatz. Belinda hakumuuliza alijuaje. Alikaa naye ndani ya gari, viatu vimelowa, hadi Rohan alipofika na kamba ya kulivuta.

Baada ya siku hiyo hakutoka tena nyumbani. Tarehe 3 Machi 2023, Ijumaa, saa nane mchana, Leighton alifariki dunia kitandani mwake, mkewe akiwa pembeni, siku kumi na moja kabla ya kutimiza miaka sabini na miwili. Familia inawashukuru wauguzi waliokuja nyumbani kila siku, na majirani waliojaza friji kwa vyakula.

Katika kuandika wasifu huu watoto wake walibishana. Rohan alitaka iandikwe kwamba baba yake alikufa akiwa mtu wa bloku ndogo, na kwamba miezi ile ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa. Belinda alisema hana hakika. Bado hawajakubaliana, na ndiyo maana mmesomewa yote.

Marehemu ameacha mjane, Glenys. Mwana, Rohan, na mkewe Priya. Na wajukuu watatu, Angus, Tilly na Kiran. Mchapishaji wa ratiba ya mazishi aliuliza kama Belinda aandikwe binti wa kambo. Glenys alimwambia aandike hivi: ameacha pia binti, Belinda.

Leighton, pumziko lako na liwe la amani. Sisi la kwetu bado tunalitafuta.