Kazi Alizoziacha Seremala

Sogeeni, wanangu, mketi hapa hapa kitandani, maana sauti yangu sasa haifiki mbali. Karakana ni yenu wote watatu. Randa na misumeno achukue binti yangu wa mwisho, kwa kuwa ndiye pekee asiyenirudishia patasi ikiwa butu. Hayo yamekwisha. Lililobaki ni jingine.

Mnajua nilivyompenda Yesu tangu ujana, kama fundi anavyompenda fundi mwenzake. Kitabu kinasema alikuwa seremala, kisha kinanyamaza, nami miaka arobaini nikiranda mbao nimekuwa nikikijaza kimya kile kwa kukisia: kwamba alikuwa na kovu kwenye kidole gumba, kwamba alinusa ubao kabla ya kuupima, kwamba hakumcheka mteja aliyetaka kiti cha mfalme kwa bei ya kigoda. Na kwamba, kabla hajaondoka kwenda kuhubiri, alimaliza kazi zote za watu, mlango wa mwisho akaupeleka mwenyewe begani. Hilo la mlango nililipenda mno, nikawasimulia mkiwa wadogo, wala sikuwaambia kwamba nimelitunga mimi.

Wewe kifungua mimba wangu, mhubiri, ukalisema kwenye mazishi ya yule mwashi jirani yetu aliyefariki ghafla, ukasema imeandikwa. Nilikuwepo. Nikanyamaza, tena nikaona fahari, Mungu anisamehe. Mjane wake alilisikia hivi: mume wangu ameacha ukuta nusu, basi hakuondoka kama Bwana. Mwaka mzima anapekua kitabu akiutafuta mstari huo, na haupo.

Usiinamishe kichwa, mwanangu. Kosa ni langu. Jumapili simama mbele ya watu useme, "Lile la mlango ni la baba yangu, alikisia tu." Utaona aibu, ione, haiui.

Nami hapa nilipolala, na kabati aliloniagiza mkunga bado halina milango, nimekisia upya. Nadhani Yesu aliondoka siku ile ile aliyoitwa, mlango wa mtu umeegemezwa ukutani, na mama yake akabaki kumwomba mteja radhi. Huyo... huyo nampenda zaidi kuliko yule wangu wa zamani. Nipeni maji.

Kwa mjane usingoje Jumapili. Mwambie... Mungu awashike, nyote watatu, awashike sana... mwambie ukuta nusu si dhambi. Nenda sasa, mwanangu. Usikae hapa kunitazama.