Dada Aliyeisikiliza Mvua

Wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kuisoma historia hii, yule fundi cherehani wa pale kona, na katika karatasi hii atajiita fundi tu, kwa sababu akijiita mimi sauti itamkatikia kabla hajafika mbali. Karatasi iliyopitishwa na kikao cha familia anayo mfukoni, imeandikwa vizuri na haina doa, ila hii anayoisoma ni nyingine, ameiandika mwenyewe, basi mkimwona anasita mvumilieni, maana anaogopa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1964, katika nyumba hii mnayoiona nyuma ya turubai, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba mpishi wa hotelini na mama muuza mkaa, nyumba ambayo ukitoka kwa mlango wa nyuma unahesabu hatua tisa tu, unakuta mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Wa pili ni fundi, na wa tatu alikuwa msichana, kitinda mimba wetu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa kuwa hakufikisha miaka minne.

Alianza shule ya msingi ya mtaa wa pili tarehe 11 Januari 1971, akamaliza Novemba 1977 akiwa wa tatu darasani, lakini somo lililomkaa hakulipata shuleni, alilipata nyumbani tarehe 12 Aprili 1974, siku mvua iliponyesha tangu asubuhi na mfereji ukayakataa maji, kwa sababu mtaa mzima, nyumba yetu ikiwemo, ulikuwa na mazoea ya kungoja mawingu ndipo utoe taka, watu wakisema mvua itabeba. Mvua haikubeba kitu, ilirudisha, maji meusi yakapanda hatua zote tisa yakaingia jikoni, na siku nne baadaye kitinda mimba akaanza kuhara na kutapika, na kesho yake adhuhuri alikuwa ameshafunikwa shuka. Marehemu ndiye aliyekuwa amempakata. Tangu hapo, wingu likitanda, dada aliacha alichokuwa akikifanya, mwiko ukiwa bado mkononi, akageuza shingo kuelekea mfereji na kusikiliza, na fundi akiuona uso ule aliogopa, akiwa mtoto na hata alipoota mvi.

Aliingia sekondari Januari 1978, akaiacha katikati ya kidato cha pili ili kumuuguza mama, ambaye alifariki tarehe 30 Agosti 1983, na tarehe 20 Julai 1985 akafunga ndoa na fundi mwashi, mtu mpole mwenye mzaha, aliyekuwa akisema amemwoa mwanamke anayemsikiliza mume nusu na mfereji nusu, wakajaliwa binti mwaka 1987 na mwana mwaka 1991. Shemeji yetu alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi tarehe 4 Juni 2009, na hakuamka.

Kuhusu kazi, kikao cha familia kiliandika kwamba marehemu alikuwa mtumishi wa manispaa, na si uongo, lakini ukweli kamili ni kwamba alikuwa mfagizi, kuanzia tarehe 2 Januari 1990, akifagia barabara na kuzibua mifereji kwa miaka thelathini na mitatu, na aliiomba kazi hiyo mwenyewe, akiacha kibanda chake cha mboga kilichokuwa kinaenda vizuri, na alipoulizwa ana wazimu gani alijibu kuwa amechoka kuogopa akiwa amekaa. Sisi ndugu zake tulimwonea haya. Wateja walipomuuliza fundi dada yako yuko wapi siku hizi, alijibu yuko idara ya afya, kisha akainamia cherehani kana kwamba uzi umekatika.

Binti yake ameomba hili lisomwe, nalo linasomwa kwa ruhusa yake, kwamba mwaka 1998 mwalimu wake alilionyesha darasa dirishani, akasema, “Endeleeni kucheza, mtaishia kushika fagio kama yule,” na yule alikuwa mama yake, naye binti akajiingiza chini ya dawati akijifanya anatafuta kalamu. Dada alimwona. Tangu wiki ile barabara ya shule aliifagia mapema kabla ya kengele, uso umefungwa mtandio yakaachwa macho tu, na akaendelea hivyo mpaka binti alipomaliza darasa la saba.

Mtaani alipita mlango kwa mlango, akibisha kwa heshima, akiwaomba watu watembee hatua mia mbili hadi kwenye pipa la taka, na majibu mnayajua kwa sababu ni ninyi mlioyatoa, kwamba kwani yeye analipwa kufanya nini, na wengine kwa kicheko, “Tusipochafua sisi wewe utakula wapi? Tunakutafutia riziki, mama!” Naye alicheka nao, alikuwa mtu wa utani, lakini alikuwa na elimu yake ambayo hakufundishwa na mtu, aliweza kuitambua kila nyumba kwa taka zake na kila mkono kwa fundo la mfuko, nani ameanza tena kunywa, nani ana mgeni, nani amenunua viatu huku akilia njaa, na siri hizo zote amekwenda nazo. Msamehe fundi, mama mwenye duka la vipodozi, dada alikuwa akikuita Mafundo Matatu, bila ubaya.

Sasa fundi amefika mahali anapopaogopa. Karatasi ya kikao inasema marehemu aliugua ghafla. Hakuugua ghafla.

Tarehe 1 Machi mwaka huu wa 2023, katika duka la kushona pale kona, kioo kikubwa wanachojitazamia wateja kilianguka kikavunjika, na fundi akavikusanya vipande pamoja na mabaki ya vitambaa katika mfuko mmoja, akaufunga kwa ukanda wa kaki, ule ukingo unaobaki anapokata sare za wanafunzi, na kwa kuwa kazi zilikuwa nyingi na pipa aliliona mbali, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauachia mfuko ndani ya mfereji. Wingu lilikuwa limetanda upande wa mlimani, na yeye, aliyeyaona kwa macho yake maji yakipanda hatua tisa, yeye aliyemzika mdogo wake, alisema moyoni kwamba mvua itabeba.

Tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, dada akizibua mfereji huo, kipande cha kioo kilipenya glavu iliyochakaa kikamchana kiganja cha mkono wa kulia, akanawa bombani, akafunga kitambaa, akaendelea, kwa sababu mvua ilikuwa imetangazwa na alibakiza mita arobaini. Jumapili ya tarehe 5 alikuja dukani na glavu ile, akaomba ishonwe, na fundi alipomuuliza imechanwa na nini, alijibu, “Kioo. Watu wametupa kioo.” Alisema watu. Kisha akautazama ukuta pale kilipokuwa kioo, pamebaki msumari, akautazama sana, halafu akaomba maji ya kunywa. Fundi alijua kuwa kidonda cha uchafu huchomewa sindano, mtaa mzima unajua, na neno la kumwambia aende zahanati lilimjia mpaka kwenye meno, lakini angelisema ingembidi auone mkono, na angeuona mkono ingembidi auseme mfuko, basi akainama akashona.

Tarehe 11 Machi alishindwa kutafuna, akadhani ni jino, tarehe 12 taya likafunga na shingo ikakaza, akapelekwa hospitali kuu, madaktari wakasema ni pepopunda na tumechelewa. Walimlaza katika chumba kilichotiwa giza, wakatukataza kuongea na kuburuta viti, kwa kuwa ugonjwa huo kelele yoyote huushtua mwili wote, na Jumapili ya tarehe 19, saa tisa alasiri, ikanyesha. Chumba kilikuwa na paa la bati. Dada alikuwa na akili zake zote, macho yako wazi, na kila mvua ilipoongezeka mgongo wake uliinuka kitandani kama upinde, meno yamebana, hawezi kulia, na sisi tumesimama ukutani hatuna cha kuizibia mvua, na fundi anawaambia leo kuwa hajawahi kuogopa vile, wala hategemei kuacha kuogopa.

Kesho yake fundi alikwenda kufua ovaroli ya dada, na katika mfuko wa kifuani akaukuta ukanda wa kaki, umefuliwa, umekunjwa mara nne. Fundo dada alilijua. Alilijua tangu siku ya kwanza, akala kwa fundi mara mbili baada ya hapo, akawabeba wajukuu wa fundi, na hakusema.

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 22 Machi, saa moja na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, karibu miezi kumi na moja kabla ya kustaafu, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Jana fundi alimwita binti wa marehemu chumbani, akamweleza yote hayo, akamwomba yabaki kati yao. Binti aliisogeza chai kando, akasema, “Mjomba, ukiniambia mimi peke yangu, umenitupia mfuko wako mlangoni. Kasome mbele za watu.” Hakusema amesamehe. Yuko pale mstari wa mbele, na fundi hathubutu kuinua macho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, hasa yule muuguzi aliyevua viatu ili nyayo zake zisimshtue mgonjwa, inawashukuru wafagizi wenzake, mliosimama leo na ovaroli zenu na ambao kwa makosa yetu mlikuwa mmewekwa nyuma ya turubai, tafadhali sogeeni mbele, na inawashukuru majirani kwa viti, kwa sufuria na kwa machozi. Lakini kutoka hapa fundi anaona chupa za maji mlizogawiwa asubuhi, na anaona zilikoelekea. Mfereji haujaguswa tangu tarehe 11, siku kumi na nne, umejaa mpaka ukingoni, na wingu lililo juu yetu nanyi mnaliona, msijifanye hamlioni, na nyumba hii ina watoto wadogo watatu wanaolala chini.

Jeneza litatoka saa tisa. Sasa ni saa saba. Koleo lake, reke yake na glavu niliyoishona zimeegemezwa kwenye mlango wa nyuma, na mimi, mdogo wake, niliyemtupia kioo, natangulia huko sasa hivi, na atakayeniona sistahili kumzika na anizuie makaburini, lakini kwenye mfereji asinizuie.

Dada, lala. Mvua ikianza, usigeuze shingo, zamu ya kusikiliza ni yetu. Pumzika kwa amani uliyokosa tangu ukiwa na miaka kumi.