Birika la Pampu

Zita alikaa kwenye Haisi ya kutoka Namanyere, nyuma ya mumewe Fabiani, aliyekuwa akimlalamikia abiria wa pembeni yake, fundi wa dizeli aitwaye Ebenezer. Pikapu yao ilikuwa imegoma tena kwa baridi.

"Na pampu nimeimwagia birika zima la maji ya moto," alisema Fabiani.

"Ndiyo maana, mzee wangu. Pampu hiyo ina kidude chenye nta ndani. Kukiwa na baridi nta inasinyaa, na dizeli inaingia mapema kidogo ili iwahi kuwaka. Ukiimwagia maji ya moto nta inatanuka, pampu inadhani injini imeshapata moto, inachelewesha dizeli."

"Miaka sita namwagia, na inawaka."

"Yenyewe, au kwa kusukumwa?"

Fabiani aliangalia mashamba ya ulezi. "Kusukuma ni kawaida, fundi. Maji ya moto ni lazima."

Gari liliposimama Izia, Zita, ambaye kwa miaka hiyo sita ndiye aliyeamka alfajiri kuchemsha maji na kisha kusukuma, alitangulia kushuka.

"Kesho birika utabandika mwenyewe," alimwambia mumewe.