Jenereta Isiyoharibika ya Atelye Tuendelee

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, nanyi nyote mliofika hapa kwetu katika komine, yaani wilaya, ya Kenya, mjini Lubumbashi,

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa karakana hii, Atelye Tuendelee, tunakupokea kwa furaha. Tafadhali usiegemee ukuta, rangi haijakauka. Tumezoea wageni.

HISTORIA
Jenereta hii tuliiunda kwa vyuma vya migodini. Mwanzoni ilizimika kila asubuhi. Kila ilipozimika tulitafuta chanzo, tukarekebisha, tukawasha tena. Injinia wetu, Madame Wivine, alichora mstari wa saa inazofanya kazi kabla ya kuzimika tena. Mstari ulipanda polepole, na kwa hesabu hiyo mtu anaweza kukadiria mashini itatendaje ikifika kazini. Mimi msomaji wa risala hii, mzee Katongo, mwenye diploma ya shule ya jioni, niliirudia hesabu hiyo mwenyewe. Ni safi.

MAFANIKIO
Tangu ziara zianze, mstari umepaa. Kabla ya kila mgeni, ofisi yetu huamuru jenereta izimwe, ipakwe rangi na kufunikwa kitambaa, isije ikatuaibisha. Saa inazolala chini ya kitambaa nazo huandikwa kuwa saa za kazi. Hivyo tangu mvua ziishe haijaharibika hata kidogo. Wala haijawashwa.

CHANGAMOTO
Madame Wivine aliomba saa za kulala ziondolewe. Ofisi ikamjibu: "Madame, usituharibie courbe!", yaani ule mstari wake.

Leo ukitia sahihi hati ya kuikabidhi, kesho jenereta inakwenda Kipushi, katika nyumba ya kuzalishia. Mkunga wa huko, Mama Honorine, ndiye yule aliyekaa mbele. Asubuhi alifunua kitambaa akauliza: "Ba papa, hii mashini iko nalala ao ilikufa?" Tulicheka sana. Yeye hakucheka.

MAOMBI
Hatuombi fulana wala kofia. Tunaomba uiwashe sasa, kwa mkono wako, kabla ya kushika kalamu. Ikizimika, tutapiga makofi, tutaitengeneza, tutaiwasha tena, na Madame atachora mstari wake upya, hata ukishuka. Hapa ikizimika ni aibu yetu tu. Kule kuna mama juu ya kitanda.

Usihofu kwamba sauti yangu itakatika. Kipaza sauti hiki kinatumia jenereta tuliyoazima kanisani.

Mungu akulinde, aibariki safari yako, na mkono wako wa kuume, ambao kitufe kinausubiri.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Atelye Tuendelee