Jina la Saveta Upande wa Msalaba

Padri Ilarion, ndugu, jamaa na majirani wote mliopanda huku juu kwenye tope hili, mimi ni Varvara, binti wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, na naomba radhi mapema, kwa sababu humu kuna jambo ambalo kaka yangu Toader, aliyesimama pale kichwani pa jeneza, atalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Mama yetu Saveta Hojda alizaliwa tarehe 5 Septemba 1949 hapa hapa kijijini Poiana Mierlei, akiwa mtoto wa nne wa mzee Simion na Mama Nastasia, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo na kubatizwa katika kanisa hili la mbao mnaloliona. Alisoma miaka saba katika shule ya kijiji, akamaliza mwezi Juni 1963, na kwa kuwa nyumbani kwao ng'ombe walikuwa wengi kuliko viatu, hakuendelea na masomo. Mwaka 1966 aliajiriwa kuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha mbao kule bondeni, akapika maharage na supu kwa miaka ishirini na minne, na katika miaka ile ambayo mfanyakazi akionekana kanisani aliitwa ofisini kujieleza, yeye alisali akiwa amesimama mbele ya sufuria, midomo ikicheza kimya kimya, na mkuu wa kantini akadhani anajisemea tu.

Tarehe 26 Januari 1969 alifunga ndoa na baba yetu Gavril Hojda, mpasua mbao wa kiwanda hicho hicho, wakajaliwa watoto wawili, Toader tarehe 3 Machi 1970, aliyepewa jina la babu mzaa baba, na mimi tarehe 4 Desemba 1973. Baba alikuwa mtu mwema mpaka siku ya mshahara, na sina haja ya kueleza zaidi, maana baadhi yenu mlikuwa mnakunywa naye. Mwaka 1981 Mama alifunga siku arobaini, akipiga magoti jikoni kila alfajiri, na maneno yake nilikuwa nayasikia, yalikuwa yale yale kila siku: "Bwana, itoe chupa kwenye mkono huu." Tarehe 9 Novemba mwaka huo msumeno wa kiwandani ukakata vidole vinne vya mkono wa kulia wa Baba, na tangu siku ile hadi alipofariki tarehe 11 Februari 2004 hakuonja pombe tena.

Watu walikuja kumpongeza Mama kwa sala iliyojibiwa, naye akawaandalia kahawa, akakaa akiitazama mikono yake mwenyewe. Tangu hapo aliomba kwa hofu, akipima kila neno kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu cha jirani, na bado alikuwa anasikiwa, ng'ombe aliyepotea siku nne alirudi zizini mwenyewe, mvua ilisubiri hadi nyasi zikaingia ghalani, na mimi nilipata mtoto baada ya miaka tisa ya ndoa. Jirani yetu Catrina, ambaye yupo hapa na hatakasirika nikisema, alifika siku moja akitaka Mama amwombee mkwewe ahame nyumbani kwake, na Mama akamsindikiza hadi getini akimwambia: "Nenda zako, Catrina, mvumilie tu. Kuondoka ataondoka, ila sijui kama atatoka kwa miguu yake au kwa kubebwa." Tulicheka sana siku ile, Catrina naye alicheka, lakini Mama hakucheka.

Sasa nafika mwaka 2019, na hapa nitasoma polepole. Mnajua wenyewe kwamba kabla ya Kwaresima kila nyumba humpelekea padri karatasi ya majina, kushoto walio hai, kulia chini ya alama ya msalaba waliolala, yaani marehemu, majina ya ubatizo tu bila jina la ukoo, naye huyasoma siku zote arobaini. Macho ya Mama yalikuwa yameshaingiwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo tarehe 10 Machi mimi ndiye niliyeandika, yeye akinitajia huku nikisonga ugali na unga umenijaa mikononi, na jina la Toader, kaka yangu aliye hai, nikaliandika kulia. Miaka sita nimejiuliza kama ilikuwa haraka au hasira, kwa kuwa Toader alikuwa Italia kwenye kazi za ujenzi, Krismasi hakuja, simu hakupiga tangu Januari, na asubuhi ile ile nilikuwa nimesema kwa sauti kwamba kwangu mimi huyo ni kama amekwisha kufa.

Wiki mbili za mwanzo Mama alikuwa kitandani na kikohozi, akaenda kanisani kwa mara ya kwanza Jumapili ya tarehe 24 Machi, na karatasi yetu iliposomwa alinishika mkono wa koti akaniuliza: "Varvara, kaka yako umemweka wapi?" Nikamjibu kwamba nimemweka mahali pake, kwa walio hai. "Huko sijamsikia," akasema, "na kwa waliolala nimesikia Toader mara mbili, na babu yako alikuwa mmoja tu." Tulirudi nyumbani, na nilipokuwa napakua supu simu ikalia, alikuwa mfanyakazi mwenzake Toader, akatuambia kwamba Ijumaa kaka alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi, ghorofa ya tatu, yuko hospitalini na hajafumbua macho.

Mama hakulia, alivaa kitambaa chake akaenda moja kwa moja kwa Padri Ilarion, nami nyuma yake. Padri, nawe utanisahihisha nikikosea, ulimwambia kwa upole, "Mama Saveta, tulia, Mungu anajua nani yu hai, hasomi karatasi zetu kama karani," naye akakujibu, "Anajua, baba, lakini mimi nimeshamjua yeye anavyonisikia, nipe hiyo karatasi." Aliinamia meza ya sakristia, pua ikikaribia kugusa karatasi, akasahihisha kwa mkono wake bila kuniruhusu nimsaidie, akaikunja na kuirudisha. Ibada iliyofuata nilitega sikio, nikasikia kwa walio hai, Toader na Varvara, basi, halafu kwa waliolala, Simion, Nastasia, Toader, Gavril, Saveta.

Nikamnong'oneza, "Mama, Saveta yupi huyo?" Akasema, "Nyamaza, usikilize ibada."

Njiani kurudi nilimbana mpaka akanieleza. "Nafasi ile nisingeiacha wazi, mwanangu. Nimemtoa mmoja, ningemweka nani, wewe?" Nilimsihi, nikapiga kelele barabarani kama kichaa, nikamwambia kosa ni langu na jina liwe langu, akanitazama kwa macho yale yenye ukungu akasema, "Una mtoto wa kulea, acha upuuzi. Na kaka yako asijue hadi siku ya kunizika, akijua ataniogopa, nami nataka aje ale." Toader alifumbua macho Jumamosi ya Lazaro, mkesha wa Jumapili ya Matawi, tarehe 20 Aprili, siku arobaini za Kwaresima zilipokuwa zimetimia jana yake, na mwezi wa Agosti alipanda mlima huu na fimbo, akala sahani tatu, na Mama alikaa mkabala naye hakugusa chakula, alikuwa anamwangalia tu na kutabasamu.

Kila mwaka baada ya hapo, tulipoandika karatasi, aliniambia niliache jina lake lilipo, nami kila mwaka nikiwa naye mezani, mzima, akimenya viazi, nilimwandika mama yangu chini ya msalaba. Alianza kugawa vitu vyake, kuku kwa Catrina, kitanda cha kufumia nguo kwangu, viatu vipya akakataa kununuliwa, na nilipomwomba tulifute jina alisema, "Ukilitoa, nafasi itatafuta mtu." Niliogopa, ndugu zangu, na sikulifuta.

Tarehe 8 Januari mwaka huu wa 2025 alipatwa na maumivu makali ya tumbo, akapelekwa hospitali ya mjini, akakutwa na uvimbe, na daktari akaniambia huenda ulikuwepo kwa miaka. Nikamwuliza mingapi, akasema mitano, au sita. Alirudishwa nyumbani kwa ombi lake, akauguzwa na mimi na Toader, na asubuhi ya tarehe 12 Aprili, Jumamosi ya Lazaro, arobaini zikiwa zimetimia jana yake, aliomba kijiko cha ugali na maziwa, akamwambia Toader, "Kula na wewe," akafariki akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kumdanganya, majirani mliochimba kaburi kwenye mvua, akina mama mliochemsha ngano ya mazishi tangu jana, Padri Ilarion, na wenzake Mama watatu wa kantini waliosalia, waliokuja kwa miguu. Kaka Toader, usinitazame hivyo, mwenye kosa ni mimi, wewe alitaka uje ule na ulikuja, hilo tu ndilo aliloliomba kwa ajili yake mwenyewe.

Jana nilikaa mezani niandike karatasi mpya ya kumpa padri, nikachukua kalamu, nikakuta hakuna cha kubadilisha. Mama, miaka sita umesomwa kabla ya zamu yako na ukaitika kila ulipotajwa. Lala sasa, kuanzia leo jina lako liko mahali pake.