Vifungo Ishirini vya Mzee Merv Trewartha

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Mzee Merv Trewartha anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha nyama cha Kerrindale kwa miaka thelathini na minane. Aliingia mwaka 1987 akiwa msaidizi wa fundi, anatoka akiwa mkuu wa mitambo ya baridi. Nimeombwa niandike mimi, Feleti Mahe wa chumba cha kutoa mifupa, kwa sababu Watonga wenzangu walisema ndimi niliyekula biskuti nyingi zaidi nyumbani kwake. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitaandika nilichokiona.

Wote mnajua anavyopima mtambo. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, anafumba macho, kisha anataja beringi iliyochoka. Mwaka wa mafuriko alikaa na mitambo siku tatu, na hakuna mzoga hata mmoja ulioharibika. Meneja alipomwambia akapumzike alijibu, "Nyama ikipumzika, na mimi nitapumzika."

Nyumbani ana kazi ya pili, isiyo na mshahara. Sebuleni kwake kuna redio kubwa ya kaseti, na juu yake ikwalaiza, kifaa cha kurekebisha sauti, yenye vifungo ishirini vya kutelezesha, kumi kwa kila spika. Katika kila kumi, vya kushoto vinashika sauti nzito, vya kulia sauti kali. Watu wa mji humletea kanda za harusi na za bendi za zamani, naye huzisafisha mpaka zisikike.

Mwezi Machi baba yangu alifariki kijijini kwetu Ha'apai, visiwani Tonga. Mkataba wa kazi haukuniruhusu kwenda. Mama alipanga siku ya kuosha mawe ya kaburi, yale tunayoyatandaza juu yake kwa desturi yetu, iwe Jumamosi moja ya Mei, akasema mawe yakishatandazwa anataka kusikia sauti ya baba. Sauti hiyo ilikuwa kwenye kanda moja tu ya kwaya ya kanisa, ya mwaka 1996, nami ndiye niliyekuwa nayo huku. Baba aliimba besi. Ila jenereta ya kanisa nayo iliimba besi, tena kumzidi, na bati la paa lilipiga kelele zake. Zilikuwa zimebaki Jumapili tatu.

Jumapili ya kwanza, nyumbani kwa Mzee, nilipandisha vifungo vyote vya besi mpaka dirisha likatetemeka.

"Toa mkono, kijana," Mzee akasema. "Umempandisha baba yako au jenereta?"

Akanionyesha njia yake. Unapandisha kifungo kimoja hadi juu, unatafuta mahali sauti inapokuwa mbaya kupita zote, kisha unakishusha hichohicho. Jenereta ilikuwa kwenye kifungo cha kwanza. Bati lilikuwa kwenye cha saba. Baba alikuwa amejificha kwenye cha tatu na cha nne.

Tatizo lilikuwa vitatu vya mwisho kulia. Hivyo Mzee alivipandisha mpaka juu, na masikioni mwangu kanda ikaanza kukaanga samaki.

"Umesikia inavyong'aa?"

"Ndiyo, Mzee. Nzuri sana."

Kwetu mtu hamkosoi mwenye umri wa baba yake, tena ndani ya nyumba yake, tena akiwa amekaribishwa chai. Jumapili ya pili akavipandisha tena, nami nikasema tena nzuri sana. Nikaondoka na kanda isiyofaa kupelekewa mjane.

Jumapili ya tatu nilishika kikombe kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mzee, samahani. Huko juu kunachemka."

"Kunachemka vipi?"

"Kama mafuta ya kukaangia. Tangu wiki ya kwanza."

Akanitazama. "Wiki tatu unakula biskuti zangu na kunidanganya?"

Mkewe, Mama Noeline, akadakia kutoka jikoni, "Mimi namwambia mwaka wa kumi huu. Anasema spika ndizo mbovu."

Mzee alipoanza kazi hakuna aliyevaa vikinga masikio kando ya kompresa za mitambo ya baridi. Sauti kali zilikuwa zimemtoka zamani, na yeye alikuwa akizipandisha ili azifikie. Nilidhani atazima redio na siku ya mama itapita hivihivi. Akavuta kiti karibu.

"Basi wewe ni masikio, mimi mikono. Ukinidanganya tena, unarudi kambi ya wafanyakazi kwa miguu."

Tulikaa saa nne. Anashusha kidogo, ananiangalia.

"Sasa?"

"Bado, Mzee."

"Sasa?"

"Bado."

"Noeline, huyu amejua kukataa, hatalala mtu hapa."

Alitaka jenereta iishe kabisa. Nikakataa na hilo, kwa sababu ikishuka yote baba anakuwa mwembamba. Akairudisha unene wa ukucha. Tulipomaliza hakukuwa na kifungo hata kimoja kilichopita katikati. Tukarekodi upya kwenye simu yangu, nikaituma jioni hiyohiyo.

Tangu siku hiyo, hata hapa kiwandani, akimaliza kusikiliza beringi humpa mwingine bisibisi na kumwambia, "Niambie ukweli." Mafundi wanasema wamejifunza zaidi miezi hii miwili kuliko miaka yote.

Jumamosi ile dada yangu Mele alinipigia simu. Mawe yalitandazwa, kanda ikapigwa kwenye spika ya kanisa. Ubeti wa kwanza mama alisikiliza. Wa pili akacheka. Akasema, "Ndiye. Ameingia kabla ya wenzake, kama kawaida yake."

Mzee Merv, mama ameniagiza nikushukuru mbele za watu, na nimefanya hivyo. Sisi wa Kerrindale tunakuombea afya, wewe na Mama Noeline, na Jumapili ndefu zenye kanda za kutosha. Ukikwama kwenye vile vitatu vya mwisho, piga simu. Tutakuja, na tutakuambia ukweli.